Unga wa Almasi Wakati wa Mgao wa Maji

Kikata-vioo kilichomo kwenye droo ya pili, chini ya meza ya leza, si cha kukatia vioo. Naanza na hilo kwa sababu nimestaafu mwezi uliopita tu na tayari nimepigiwa simu na fundi wa idara akiuliza kama anaweza kukiazima, maana dirisha la chumba cha semina limepasuka. Nilimwambia asubiri kidogo, nitamwandikia. Nilidhani ningeandika mistari miwili. Samahani, fundi. Kazi ya ualimu huacha magonjwa, na hili ndilo langu.

Niliingia idarani mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea shule ya upili karibu na Kinoo, ambako leza ilikuwa picha katika kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Nilikuwa na shahada ya fizikia, tai ya kahawia, na imani kwamba mtu aliyeweza kueleza nuru kwa wanafunzi wenye njaa angeweza kufanya kazi na nuru popote. Maabara ilikuwa orofa ya chini ya jengo letu, pale mji unapoishia na barabara inapoanza kuelekea Westlands. Aliyenipokea ni Bwana Harbans, fundi mkuu, Singasinga mrefu mwenye kilemba cha bluu na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kukutazamia wewe.

"Umefanya kazi gani kwa mikono?" aliniuliza.

Nilifikiri. "Kuandika ubaoni."

"Basi hiyo chaki acha nje. Hapa vumbi ni adui." Akanipeleka mpaka kwenye leza, tyubu ndefu ndani ya sanduku la chuma, mipira miwili ya maji ikitoka nyuma kama mirija ya mgonjwa. "Kitu ya kwanza, unafungua maji. Kitu ya pili, unahakikisha umefungua maji. Hii mashine inakunywa kuliko ng'ombe ya maziwa. Ikikosa maji, tyubu inapasuka, halafu mimi na wewe tunarudi kwa chaki."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa siku ya kwanza. Siku ya pili nilitumwa kutafuta giza. Kipimo chetu kilihitaji chumba cheusi kabisa, na panya walikuwa wamekula pazia la zamani. Nilikwenda Biashara Street kununua kitambaa cheusi kizito. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu kutoka pwani, alipoona urefu niliotaka, alinipa pole na kuniuliza marehemu alikuwa nani. Nikamwambia ni mwanga. Alitikisa kichwa kwa heshima, ila bei hakunipunguzia.

Kwa vijana mlioingia juzi, mkakuta kompyuta ikichora kila kitu, nieleze kipimo chenyewe. Ukimulika fuwele kwa leza, karibu mwanga wote unaorudi huwa na rangi ile ile uliyotuma. Sehemu ndogo mno hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imeacha nguvu yake kwa atomi na kuzitetemesha. Huo ndio mwanga wa Raman. Kila kitu hutetemeka kwa namna yake, kwa hiyo ukipima badiliko hilo la rangi unajua umemulika nini. Almasi ina jibu moja safi: kilele chembamba kwenye alama ya 1332, kirefu na kimya pande zote, kama mnara wa msikiti katika mtaa wa nyumba za chini. Wakati huo kilele kilichorwa na kalamu ya wino iliyotembea juu ya karatasi ndefu, nasi tulikaa gizani tukiisikiliza ikikwaruza.

Sasa, utajuaje kwamba mashine yenyewe haijahama? Unapima kitu unachokijua. Idara haikuwa na almasi, na barua za kuomba almasi hazikupata majibu, jambo ambalo nalielewa. Ndipo Bwana Harbans alipoleta kutoka nyumbani Parklands kikata-vioo cha marehemu baba yake aliyekuwa fundi wa madirisha. Kwenye ncha yake kuna almasi, ndogo kama punje ya mtama, halisi. Akaibatiza almasi kubwa, kwa kuwa hatukuwa na nyingine, na akaweka sheria: kila siku ya kazi, almasi kubwa kwanza, almasi kubwa mwisho. Kilele kikiwa mahali pake asubuhi na jioni, basi yote yaliyopimwa katikati ni ya kuaminika. Sheria hiyo tuliifuata kwa unyofu ambao wengine huuweka kwa sala.

Ilituokoa mara nyingi, na mara moja ilituponza. Nitafika huko.

Kabla ya hapo niseme juu ya mama mmoja wa Kitisuru, kwa sababu wageni wa idara hupenda kuuliza kama tuliwahi kuwa na manufaa kwa jamii. Alikuja na pete yake na mumewe, na mume alionekana angependelea kuwa mahali pengine. Mama alitaka kujua kama jiwe ni almasi. Tulipima kikata-vioo: 1332. Tukapima pete. Kalamu ilipita 1332 bila hata kuinua kichwa.

"Mama," Bwana Harbans akasema, "mashine imeona kitu ingine."

"Kitu gani?"

"Kitu safi sana. Inang'aa. Lakini si almasi."

Mama akamgeukia mumewe. "Na hicho cha kukatia madirisha ndicho almasi?"

"Ya kweli kabisa," akasema Bwana Harbans, ambaye hakuwa na kipaji cha kunyamaza. Mume akauliza choo kiko wapi. Nilimwelekeza, na hatukumwona tena. Baada ya hapo tulikubaliana kutopima pete.

Bwana Harbans alistaafu miaka ya tisini ilipoanza. Alinikabidhi kikata-vioo bila hotuba, akaniambia tu niache kuvaa tai karibu na feni ya tyubu. Mwaka uliofuata alikuja Zainab.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Parklands mwenye asili ya Mombasa. Alikuja na "Shikamoo, mwalimu" katika idara ambamo salamu ilikuwa "Sasa" na jibu ni kunyanyua nyusi. Wenzake walimtania kwamba Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alipoona pazia jeusi alilishika pindo, akaligeuza upande wa nyuma.

"Hiki ni kitambaa cha baba," akasema. "Kumbe wewe ndiye mteja aliyefiwa na mwanga! Nyumbani tunamjua huyo miaka yote."

Msimamizi wake alikuwa Profesa Odera, mtu mpole na mwenye haraka, mchanganyiko ambao huchosha wengine. Alikuwa na rafiki ng'ambo aliyempatia unga wa almasi wa aina mpya. Hutengenezwa kwa kulipua baruti ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, kisha masizi yaliyobaki husafishwa kwa asidi kali. Ndani ya masizi hayo mna punje za almasi za nanometa chache, ndogo hivi kwamba ukizipanga mamia kwa mamia hazifikii upana wa unywele. Mimi na Zainab tulikwenda uwanja wa ndege kuchukua kifurushi. Afisa aliyekikagua alisoma neno almasi na kuketi wima. Kisha akainua chupa kwenye dirisha.

"Almasi iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Hii ni jivu."

"Ni almasi ndogo sana."

"Ndogo aje?"

Zainab akamweleza, kwa Kiswahili chenye pasi, habari ya punje na unywele. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akaturudishia chupa kwa mikono miwili. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mmeuziwa jivu. Poleni. Endeni tu."

Swali la Zainab lilikuwa hili: almasi ikiwa ndogo kiasi hicho, kilele chake hufanya nini? Katika fuwele kubwa sheria ni kali. Mitetemo ni mingi, lakini mmoja tu unaruhusiwa kujibu mwanga, ndiyo maana kilele ni chembamba. Fuwele ikipungua hadi nanometa chache, sheria hulegea, kama ofisi ndogo ya serikali iliyo mbali na makao makuu. Mitetemo jirani nayo huanza kujibu, na mingi kati yake huongea kwa sauti ya chini zaidi. Kwa hiyo kilele hunenepa, huinama upande wa chini, na huteremka kidogo kutoka 1332. Nadharia ilisema hivyo. Zainab alitakiwa kuonyesha kinateremka kiasi gani kwa kila ukubwa wa punje.

Alikuwa na chupa kadhaa: unga mkubwa wa kung'arishia vito, unga wa kati, na lile jivu letu. Alifanya kazi vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye gizani. Almasi kubwa kwanza, almasi kubwa mwisho. Unga aliuweka mkavu juu ya kioo, na leza akaifungulia nguvu yote, kwa kuwa jivu lilijibu kwa unyonge na kalamu ilihitaji kusukumwa. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Punje kubwa, kilele karibu na mahali pake. Punje za kati, kimeteremka. Jivu, kimeteremka sana, kinene, kimepinda kama mzigo uliofungwa upande mmoja. Kila ukubwa ulikaa kwenye mstari wake. Profesa alituma muhtasari kwa mkutano wa wanasayansi Ulaya, na chuo kimoja huko kikampa Zainab nafasi ya uzamivu, kwa sharti kwamba amalize shahada yake kwetu kabla ya muhula wao kuanza. Baba yake alikwenda Gikomba akamnunulia koti la baridi, zito kama godoro. Nyumbani hapakuwa na pa kulitundika, hivyo likakaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara, na wageni walilisalimu gizani wakidhani ni mtu.

Kilichobaki ni kurudia jivu mara moja tu, kwa ajili ya tasnifu. Ndipo ulipokuja mgao wa maji.

Waliokuwa Nairobi wakati huo hawahitaji kuelezwa. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Siku za zamu yetu maji yalikuja kwa unyonge kutoka kwenye tangi la darini, nami kwa maisha yangu yote ya kazi niliyajua maji kwa sauti yake ndani ya mipira ile. Kwa maji hayo leza haikuweza kufunguliwa kikamilifu. Ungeweza kuiwasha kwa nguvu ndogo tu, kama jiko la mkaa lililonyimwa hewa. Nilimwambia Zainab asubiri.

"Nikisubiri maji ya Nairobi, mwalimu, koti litaota ukungu," akasema. "Nitapima polepole."

Alipunguza leza na kuiendesha kalamu taratibu kuliko nilivyowahi kuona. Kazi ya asubuhi moja ikachukua siku nzima. Jioni akaning'oa kitini ili nikatazame karatasi. Kilele cha jivu kilikuwa kimepanda. Hakikufika 1332, lakini kilikuwa kimerudi juu sehemu kubwa ya njia, kama mtoto aliyetumwa dukani na kugeukia mlangoni.

Nilifanya kilichonijia kwanza. Nilichukua kikata-vioo, nikapima. 1332, pale pale, kama kawaida. "Mashine ni nzima," nikatangaza. "Almasi kubwa haijasogea."

"Ndiyo," akasema Zainab. Alikuwa bado anatazama karatasi. "Haijasogea leo, na haikusogea siku ile ya nguvu kamili. Hiyo haisogei kamwe, mwalimu."

Akakichukua kikata-vioo mkononi mwangu.

"Almasi nzima hupitisha joto kuliko shaba. Ukiimulika, joto linakimbia. Tena ni angavu, mwanga unapita tu. Unga je? Punje zimekaa moja moja, hewa katikati, na kila punje imevaa ngozi ya masizi inayokunywa mwanga. Joto litaenda wapi?" Akaweka kidole kwenye kilele. "Nimekuwa nikiukaanga."

Na almasi iliyopata moto, vijana, kilele chake huteremka na kunenepa. Hayo ndiyo yale yale yanayofanywa na udogo. Isitoshe, unga wetu mdogo zaidi ndio uliokuwa mweusi zaidi, kwa hiyo ndio uliopata moto zaidi, na ndio uliosogea zaidi. Joto lilikuwa limevaa nguo za udogo na kuingia getini. Walinzi wetu, almasi kubwa kwanza na almasi kubwa mwisho, waliangalia upande mwingine, kwa sababu lango lao lilikuwa salama.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Karatasi ilikuwa moja, na ilipimwa kwa maji mabovu. Ungeweza kuiita siku mbaya ukaiacha hapo. Nilifunga maji na kumwachia karatasi.  Asubuhi alimkuta Profesa mlangoni pa maabara.

"Profesa, kule kuteremka kwa kilele si kwa ukubwa wa punje peke yake. Kuteremka kwingine ni kwa joto."

"Kwingine kiasi gani?"

"Kwingi."

Profesa Odera alivua miwani. "Zainab, muhtasari umeshafika Ulaya."

"Najua. Mimi ndiye niliyeupiga chapa."

"Utapima upya zote? Kwa maji haya? Muhula wao hautakungoja."

"Hautaningoja."

"Sasa nafasi yako?"

Zainab alitazama nyuma ya mlango. "Koti halitaoza, Profesa. Baba alichagua zito."

Profesa alivaa tena miwani yake. Kisha akaniuliza kama nina karatasi yenye nembo ya idara. Aliandika mwenyewe kwa mkono barua ya kuondoa muhtasari, sentensi mbili, bila visingizio. Sijawahi kumwona mtu akiandika sentensi mbili kwa tabu vile.

Jumamosi hiyo nilikwenda Parklands kwa Bwana Harbans. Sijui nilitaka nini, labda kumshtaki. Alinisikiliza akimimina chai ya maziwa yenye tangawizi.

"Mimi nilikuambia upime mashine," akasema alipomaliza. "Nilikuambia upime unga?"

"Hapana."

"Sasa kikata-vioo imekosa wapi?" Akanisogezea biskuti. "Huyo msichana amejua namna gani?"

"Maji yalipungua."

Alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. "Miaka yote napigana na hiyo maji," akasema, akipangusa macho. "Miaka yote!"

Zainab alirudia kila kitu. Safari hii hakuuacha unga mkavu. Alinunua kwenye duka la dawa kitoneshi cha dawa ya macho, akakiosha, na kila sampuli akaiweka ndani ya tone la maji juu ya kioo, ili maji yabebe joto. Halafu aliipima kwa nguvu ndogo, akapunguza tena, akapima tena, mpaka alipoona kilele hakipandi zaidi hata ukipunguza leza. Hapo ndipo alipoandika namba. Tulipima siku za zamu ya maji tu. Zikipita wiki bila maji, alikaa chini ya dirisha akihesabu nadharia kwa penseli. Muhula wa Ulaya ulianza bila yeye. Baba yake alikuja mara moja kumletea chakula, akasimama mbele ya pazia lake mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama mwanga umepumzika. Nikamwambia bado tunamhangaikia.

Kilichobaki mwishoni kilikuwa kidogo. Punje kubwa na za kati zilirudi karibu zote kwenye 1332. Jivu peke yake lilikataa: kilele kilibaki chini kidogo, kinene, kimeinama upande ule ule ambao nadharia ilisema, hata kwenye tone baridi, hata leza ikiwa karibu kuzimika. Mstari wake mzuri wa kwanza, ule uliopendwa na kila mtu, ulikuwa umekwisha.

Mtahini wa nje alikuwa mzee aliyepima fuwele maisha yake yote na ambaye uso wake ulionyesha kuwa nyingi zilimkasirisha. Siku ya kumhoji Zainab alifungua tasnifu mahali pa grafu ya mwisho, akaigeuza, akaitazama kwa mbali.

"Umefanya kazi hii yote," akasema, "kwa msogeo mdogo hivi?"

"Ulikuwa mkubwa," akasema Zainab. "Nimeondoa ambao haukuwa wangu."

Mzee hakumwuliza swali lingine. Alimwomba amwonyeshe kitoneshi.

Mwaka uliofuata chuo kile kilimchukua, na nafikiri barua ya mzee ilisaidia, ingawa sikuisoma. Asubuhi ya safari alipita kuchukua koti. Msumari uko bado nyuma ya mlango. Msitundike kitu kizito, ukuta umechoka.

Kabla ya kuondoka aliweka kitoneshi kwenye droo ya pili, kando ya kikata-vioo, nami nimeviacha hivyo. Cha kwanza kinakuambia kama mashine inasema kweli. Cha pili kinakuambia kama wewe unaichokoza sampuli. Vitumieni vyote viwili, kwa utaratibu huo, hata siku ambayo maji ni mengi. Hasa siku ambayo maji ni mengi.

Kwa hiyo, fundi, jibu ni hapana. Kikata-vioo cha dirisha utapata River Road, na chenye gurudumu la chuma kinakata vizuri tu. Na kama kuna mtu idarani ana macho mekundu, mwambie aende duka la dawa akanunue kitoneshi cha kwake.